Afya: Jeli ya mwani yafungua njia ya kukuza gegedu la goti katika maabara

Mfupa ukivunjika, waganga wanaufunga na baada ya muda unaunga. Gegedu la goti likichanika, mambo ni mengine. Gegedu ni ile tabaka nyeupe na yenye kuteleza inayofunika ncha za mifupa ili isisuguane. Halina mishipa ya damu, kwa hiyo kidonda chake hakiponi vizuri. Mganga William Hunter wa London aliandika jambo hilo tangu mwaka 1743.

Kwa mtu anayeishi kwa kulima ao kubeba mizigo, goti likikataa kazi, sufuria ya nyumbani nayo inapunguka.

Mwaka 1987, huko Gothenburg, Uswidi, waganga walianza kutoa kipande kidogo cha gegedu la mgonjwa, kuzidisha seli zake katika maabara, kisha kuzirudisha katika goti. Matokeo ya wagonjwa 23 yalitangazwa mwaka 1994. Kati ya 16 walioumia kwenye ncha ya mfupa wa paja, 14 walipata nafuu nzuri. Kati ya 7 walioumia nyuma ya kifuniko cha goti, ni 2 tu.

Tatizo moja ni kwamba seli hizo zikikuzwa juu ya plastiki bapa, zinajitandaza na kusahau kazi yao. Mwaka 1982, watafiti Benya na Shaffer walionyesha kwamba zikiwekwa ndani ya agarosi, jeli inayotoka katika mwani, zinarudia umbo la mviringo na kuanza tena kutengeneza gegedu.

Jeli ya namna hiyo inaitwa hidrojeli: nyuzi nyembamba zilizoshikana na kubeba maji mengi. Inafanya kazi kama miti ya waashi. Inashikilia seli mahali pake, na chakula kinazifikia kupitia maji. Watafiti wanaikandamiza na kuiachilia mara nyingi, kama goti linavyofanya mtu akitembea, na seli zinajenga zaidi.

Vizuizi viwili vimebaki. Gegedu la maabara mara nyingi ni laini kuliko la asili, tena halishikani vizuri na lile la zamani.

Kwa sasa, wengi wenye magoti yaliyochakaa wanashauriwa kupunguza uzito na kufanya mazoezi ya kutia nguvu misuli ya paja.