Ubongo wa kijana: Kilichotangulia ni kipi?

WATAFITI nchini Marekani wanafuatilia makuzi ya ubongo wa vijana zaidi ya 11,800, waliosajiliwa kati ya 2016 na 2018 wakiwa na umri wa miaka 9 na 10.

Kila baada ya miaka miwili, wao hupigwa picha za ubongo kwa mashine ya MRI.

Umri huo haukuteuliwa kiholela. Wengi walikuwa hawajaonja pombe, sigara wala bangi. Kijana akipimwa tu baada ya kuzoea bangi, ni vigumu kujua iwapo ndiyo iliyobadilisha ubongo wake.

Uchanganuzi uliochapishwa Desemba 2024 ulibaini kwamba tofauti nyingi kwenye ubongo wa walioanza mapema zilikuwepo kabla hawajatumia chochote. Hilo, hata hivyo, haliviondolei vileo madhara yake.