Kuzaa si Kazi, Kazi ni Kulea: Somo la Samaki wa Kabazi

Wahenga walinena kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Sisi wa pwani tuliipokea methali hii utotoni, pamoja na alifu na be, na mara nyingi twaielekeza kwa binadamu peke yake. Mimi nimeuona ukweli wake ndani ya tangi la kioo, mbali kabisa na bahari, huko Kabazi katika Kaunti ya Nakuru, nchi ya mahindi na baridi ya alfajiri.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu. Sebuleni mwake, mahali ambapo wengine huweka kabati la vikombe, pana tangi la maji, pampu ndogo ikibubujisha hewa usiku na mchana. Ndani wamo samaki ambao wengi huwaita tilapia, na ambao Waswahili tuna jina letu la perege. Jike mmoja alikuwa amejitenga pembeni, kidevu kimemvimba kama mtu aliyetia tende mbili kinywani kwa pamoja.

"Huyu mgonjwa?" nikauliza.

"Haumwi, Bwana Malenga," akajibu Mwalimu. "Ana watoto."

Naam, msomaji, mambo yao ni haya. Dume huchimba kishimo mchangani kwa mdomo wake na kumwita jike. Jike hutaga hapo, kisha huyaokota mayai yote na kuyatia kinywani. Jike wa gramu 100 hutaga mayai yapatayo 100. Aliyefikia gramu 600 hadi 1,000 huweza kutaga 1,000 hadi 1,500. Humo kinywani huanguliwa, na humo vifaranga hukaa mpaka kiini cha yai walichozaliwa nacho kiishe. Muda huo wote, wiki moja hata mbili, mama hali kitu. Amefunga, na futari yake ni siku watoto watakapoweza kujitegemea.

Mjukuu wa Mwalimu alipitisha mkono juu ya maji, wakati jike mwingine alipokuwa amewatoa wanawe kupunga hewa. Kile kivuli kilipopita tu, mama aliinamisha kichwa na kufungua kinywa, na lile wingu la vifaranga likaingia kama watoto wa chuo waliosikia fimbo ya mwalimu. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka.

Ulezi wa namna hii una nguvu kubwa, na watu wa Nakuru wanao ushahidi karibu nao. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, perege wadogo wa Ziwa Magadi, nao pia ni walezi wa kinywani, waliletwa katika Ziwa Nakuru ili wapunguze mbu. Maji yale ya magadi yangewaua samaki wengi, lakini hawa walistawi. Wakaongezeka hata ndege aina ya mwari wakawa wakija kwa makundi kuwavua, na kuruka na shibe hiyo kurudi kwa makinda yao katika Ziwa Elmenteita.

Baharini desturi ni nyingine. Kwenye matumbawe yuko samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye miraba meupe, ambaye dunia ilimjua zaidi kwa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Makao yake ni kati ya minyiri ya anemoni, kiumbe laini anayewasha wageni na kumwacha mwenyeji wake. Hapo baba ndiye mlezi: huyapepea mayai kwa mapezi na kuyatoa yaliyokufa. Lakini yakishaanguliwa, usiku giza lilipoingia, kazi yake imekwisha. Watoto huchukuliwa na maji, wasionekane tena mwambani kwa siku kumi hivi, na wengi huliwa.

Ndiyo maana wanaofuga samaki hawa majumbani, Ulaya na Marekani, hulazimika kuwa wazazi wenyewe. Huwatenga vichanga katika chombo chao, na huwalisha viumbe hai wadogo wasioonekana vizuri kwa jicho, ambao nao sharti wafugwe kando mapema. Chakula kikikosekana katika siku za mwanzo, kizazi chote hufa. Wanaovumilia kazi hiyo wanatufaa hata sisi, kwani samaki wa mapambo huvuliwa pia katika pwani yetu ya Kenya na kupelekwa ng'ambo. Kila mmoja aliyelelewa kiooni ni mmoja aliyeweza kuachwa mwambani.

Basi utadhani mwenye perege amepata raha, kwa kuwa mama amemaliza kila kitu. La hasha! Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki, mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi. Mwalimu naye alikuwa na bwawa lake. Mwaka wa kwanza aliona maji yamejaa samaki akashukuru. Alipovua, alikuta maelfu ya samaki wasiozidi kidole.

Sababu yake ni ulezi ule ule. Katika maziwa makubwa perege hukomaa akiwa na gramu 350 hadi 500. Katika bwawa lililosongamana na lenye chakula haba, huweza kuzaa akiwa hajafika gramu 20. Watoto hunusurika kwa wingi, hugombea chakula na wazazi wao, na wote hudumaa. "Majirani zangu kadhaa waliyafukia mabwawa," alisema Mwalimu. "Walisema samaki wa serikali hawakui."

Yeye hakufukia. Vituo vingine hutoa vifaranga madume watupu, kwa kuwalisha homoni katika wiki zao tatu au nne za mwanzo. Mwalimu amechagua njia ya mkono. Jike akishawaachia watoto tangini, ambamo maji hupashwa moto kwa kuwa perege hawatagi vizuri maji yakiwa chini ya nyuzi 24, huwalea mpaka watoshe kushikwa. Kisha humgeuza mmoja mmoja na kutazama chini ya tumbo: dume ana tundu mbili, jike ana tatu. Madume huenda bwawani kukua. Majike, isipokuwa wachache wa mbegu, huenda jikoni.

Mjukuu mdogo hulia kila siku ya kuchagua. "Guka, huyu nimempa jina!" Babu humwacha amalize kilio, kisha humwonyesha bwawa na kumwambia ahesabu chakula kilichopo gunia.

Jioni wajukuu walinidai beti, nami nikawapa hii:

Kuzaa si jambo gumu, hata samaki huzaa,
Kulea ndio muhimu, mtoto akakomaa,
Mama chakula haramu, akavumilia njaa,
Bwawa lisilo nidhamu, ni dagaa kwa dagaa.

Anayetaka kuchimba bwawa leo, na aanze kwa kuhesabu gunia la chakula kabla ya kuhesabu vifaranga.