Usukani, Shokapu na Panda: Istilahi za Sehemu ya Mbele ya Pikipiki

Mfasiri anayeandika "kaza usukani" katika kitabu cha matengenezo ya pikipiki ametoa amri mbili kwa maneno mawili, na huenda hana habari. Msomaji wake hayumo ofisini. Yuko Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, uani kwake, ana spana chache na kopo la grisi, na kesho alfajiri ana mananasi ya kupeleka kwenye barabara ya Bagamoyo hadi Msata. Akisoma maneno hayo atakaza bolti zinazobana bomba analolishika kwa mikono, maana kwake huo ndio usukani. Pikipiki itaendelea kugonga kila afungapo breki, kwa sababu kilicholegea ni nati nyingine, iliyo chini ya bomba hilo, inayobana goroli za shingo.

Neno usukani, kabla halijawa la gari, lilikuwa la chombo cha baharini. Mabaharia wa pwani yetu walitenganisha mambo: usukani ni ubao uliomo majini, na kana ni mpini wa kuugeuzia. Kumbe lugha ilikwisha kuona kwamba kinachoshikwa na kinachogeuzwa ni vitu viwili; gari na baiskeli ndivyo vilivyovichanganya. Hatusemi fundi wa Kiwangwa apelekewe neno kana, kwani atatucheka, na atakuwa na haki. Lakini tofauti ile hatuna budi kuirudisha. Tunapendekeza usukani ubaki kuwa jina la kile kinachoshikwa, na chuma kinachopita ndani ya shingo ya fremu kiitwe mhimili wa usukani. Goroli ziachwe zilivyo. Kila mtoto aliyezicheza anazijua. Vyuma vinavyozipokea juu na chini vyafaa kuitwa vikombe.

Tatizo la pili ni shokapu. Mafundi huliita hivyo kila linalopunguza mtikisiko, la mbele na la nyuma. Mazungumzo ya gereji hayapotei kwa hilo, kwani fundi huonyesha kwa kidole. Kitabu hakina kidole. Shokapu ya nyuma ya pikipiki nyingi za kubebea abiria ikifa hubadilishwa nzima. Miguu ya mbele hufunguliwa, nayo ina bomba ndani ya bomba, springi, oili, na sili ya kuzuia oili isitoke. Baadhi ya wafasiri wamejaribu kuita sehemu hii uma, jina ambalo humpeleka msomaji mezani. Kiswahili kina panda, ile ya mti uliogawanyika na ya njia panda, na umbo ni lile lile. Tunapendekeza panda ya mbele kwa kitu kizima, mguu wa panda kwa kila upande, na shokapu libakie nyuma.

Kwa istilahi hizo maelekezo yanaweza kuandikwa hivi: "Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la mbele lisiguse ardhi. Shika miguu ya panda karibu na ekseli, sukuma na kuvuta. Ikicheza na kugonga, kaza kidogo nati ya mhimili. Kisha geuza usukani polepole. Ukinasa katikati, vikombe vimechimbika. Badilisha vikombe pamoja na goroli." Mfasiri asiiache sentensi hii ya mwisho kwa kuiona ndefu. Vikombe vilivyochimbika havitibiwi kwa kukaza, na nati iliyokazwa kupita kiasi huufanya usukani kuwa mzito hata pikipiki isinyoke njiani.

Tumeona pia sili ikiitwa kizibo. Hapa tunakataa kabisa. Juu ya kila mguu wa panda pana kizibo cha kweli chenye hesi, na chini yake springi imebanwa. Anayevujiwa na oili, akaambiwa "toa kizibo", atafungua cha juu, na springi yaweza kukirusha usoni pake. Kizibo kiwe cha juu tu, na onyo liandikwe kabla ya amri, si baada yake. Sili iendelee kuwa sili. Si jambo dogo, kwani oili inayovuja huteremka hadi kwenye breki ya mbele.

Kipimo cha oili kiandikwe kwa mililita kama alivyosema mtengenezaji, kwa kila mguu, na isemwe wazi kwamba miguu yote miwili hupata kiasi sawa. Ama ile hali ya gurudumu la mbele kwenda huku na huku mwendo ukizidi, ambayo baadhi ya wenzetu wanaiundia majina ya maneno matatu, inatosha kuitwa kuyumba.