Siku ya kugawana: namna ya kujitayarisha kwa uzee



Katika makanisa yetu ya Punia tunaombea wazee na wajane kila juma. Lakini ni mara chache tunauliza: mtu atakula nini siku mikono yake itakapochoka? Wengi wanajibu kwamba watoto watawasaidia. Kutunza wazazi ni wajibu, na mtume Paulo anaukumbusha wazi katika 1 Timoteo 5. Lakini mtoto aliye Kindu au Kisangani naye analipa nyumba, masomo na dawa. Wazee wengine wamekwisha kuzika watoto wao. Inafaa kila mmoja wetu ajitayarishe angali na nguvu.

Kwa nini watu wanaogopa akiba

Woga huo una sababu. Tarehe 25 Desemba 1979 serikali ya Zaire iliondoa noti za zaire 5 na 10, na watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha. Mwaka wa 1993 zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire 3.000.000 za zamani. Mwaka wa 1998 franga 1 ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100.000. Ukipiga hesabu, franga hiyo moja ilikuwa sawa na zaire za zamani miliari 300. Aliyelaza noti ndani ya sanduku alibaki na karatasi.

Kampuni nayo haikudumu. Sominki ilizaliwa mwaka wa 1976 kwa kuunganisha kampuni za madini za Maniema na Kivu. Mwaka wa 1985 bei ya bati ilianguka duniani kote, na katika miaka ya 1990 Sominki ikafungwa. Wafanyakazi wake wa zamani wamedai malipo yao ya mwisho kwa miaka mingi. Tunajifunza hapa kwamba nyumba ya kampuni si nyumba yako. Na mchungaji anayekaa katika nyumba ya kanisa yuko katika hali hiyohiyo.

Mwenye mshahara

Anayeajiriwa ana haki ya kuandikwa katika CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS mwaka wa 2018. Kwa upande wa pensheni, mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza asilimia 5 nyingine. Wafanyakazi wa serikali wana mfuko wao, CNSSAP. Lakini pensheni haiji kwa sababu tu mtu amezeeka: lazima mwajiri awe amemwandikisha na kulipa. Uliza namba yako leo. Tunza karatasi zote za mshahara, tangu ya kwanza.

Neno hili linatuhusu sisi wenyewe. Kanisa linaloajiri mlinzi, muuguzi au karani nalo ni mwajiri.

Mchimbaji, mkulima na mama wa soko

Hawa ndio wengi kati yetu, na hakuna anayewakata mshahara. Wanayo likelemba: kila mtu anatoa, na mmoja anapokea yote kwa zamu. Inafaa kwa kununua manjanja ya nyumba, lakini ukishapokea zamu yako umebaki na deni la kuwachangia wengine.

Siku hizi kuna pia AVEC, mtindo ulioanzia Niger mwaka wa 1991. Watu 15 mpaka 25 wanaojuana wanakutana kila juma na kununua hisa, kuanzia moja mpaka tano. Feza inawekwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Mwanachama anaweza kukopa na kurudisha pamoja na faida. Kila kitu kinahesabiwa mbele ya wote. Kisha mwaka wa kikundi ukiisha, wanagawana kila kitu.

Hapo ndipo tunataka kusimama kidogo. AVEC peke yake si akiba ya uzee, kwa maana sanduku linabaki tupu kila mwaka. Uzee unatayarishwa siku ya kugawana. Tuseme mama ameweka franga 2.000 kila juma kwa majuma 50. Anapokea franga 100.000, pamoja na faida. Kama hakupanga mbele, Noeli itazimaliza. Kama alikubaliana na mume wake mapema kwamba theluthi moja ni ya uzee, theluthi hiyo isilale kama noti. Igeuke kitu kinachobaki: kiwanja, tofali, mbuzi, michikichi. Mchikichi unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na unaendelea kwa miaka zaidi ya 20. Anayeupanda akiwa na miaka 45 anakamua mafuta hata akiwa na 65.

Yosefu kule Misri alitenga sehemu moja ya tano katika miaka ya shibe (Mwanzo 41). Tena aliweka nafaka, chakula chenyewe, kwa kuwa njaa ilikuwa mbele.

Karatasi zisisahauliwe

Mali isiyoandikwa inakuwa ugomvi siku ya msiba. Kiwanja kiwe na karatasi na mashahidi. Ndoa iandikishwe kwa serikali, si kanisani tu, ili mjane aweze kuonyesha haki yake. Mume na mke wote wawili wajue karatasi ziko wapi, na nani ana deni nao.

Tunaomba kila kikundi cha akina mama, cha akina baba na cha vijana kiweke swali hili katika mkutano wake kabla ya kugawana mwaka huu: sehemu gani ya sanduku letu ni ya uzee, na itageuka kitu gani? Jibu liandikwe ndani ya daftari ya kikundi, na mwaka kesho lisomwe mbele ya wote.