Kabla Fundi Hajaifuta Seva Yako

Kama biashara yako inapokea malipo ya simu kupitia tovuti au mfumo wako wa mauzo, huenda nyuma yake kuna seva ya Linux. Wengi bado wako kwenye Ubuntu 20.04, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha Mei 2025. Kwa hivyo siku fundi atakapokuambia, "Bosi, hii tuifute tuweke mpya," usikubali haraka. Muulize nakala ziko wapi.

Pesa zako haziko kwenye seva. Ziko kwenye akaunti yako ya malipo. Seva inaweka rekodi tu: nani alilipa, alilipia nini, nani bado anadaiwa. Zikipotea hizo, utabaki na pesa usizojua ni za oda gani, na wateja mlangoni wanakuonyesha meseji.

Nakala ya hifadhidata itolewe kwa mysqldump au pg_dump. Kunakili tu mafaili yake wakati inafanya kazi kunaweza kukupa kitu kisichofunguka. Kisha folda ya /etc yenye mipangilio, folda ya tovuti, na kazi za ratiba za crontab, ambazo husahaulika sana. Usiache faili la .env, ambalo mara nyingi ndilo lina funguo za siri za kuunganisha malipo. Kwa sababu jina lake linaanza na nukta, amri ya kunakili yenye alama ya nyota hulipita bila kusema lolote.

Weka hizo nakala nje ya mashine hiyo, zikiwa zimefungwa kwa nywila. Zina namba za simu za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde. PIN yako, by the way, haihusiki popote hapa. Fundi akiiomba, tafuta fundi mwingine.

Halafu ijaribu nakala kwenye mashine nyingine. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab alifuta data ya seva isiyofaa kimakosa. Walipokimbilia nakala zao, wakakuta njia kadhaa walizotegemea hazikuwa zikifanya kazi. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kama saa 6 mapema, na data ya muda huo ikapotea. Kama wao walipatikana, je, duka lako?

Usiku wa kazi, simamisha malipo ya tovuti kwanza, ndipo utoe nakala ya mwisho. Seva mpya ikipata anwani tofauti ya intaneti, huenda arifa za malipo zisiifikie, kwa hivyo tujulishe mapema. Ikiwaka, jilipe shilingi 10 uone kama imeingia kwenye rekodi. Kisha chukua taarifa ya akaunti ya saa hizo na uilinganishe, msimbo kwa msimbo. Diski ya zamani iache kabatini wiki mbili hivi kabla ya kuifuta.