Bahari Haikuwazuia: Rekodi Tisa za Visiwa vya Asia na Pasifiki

Vitabu vingi huanza historia ya Pasifiki kwa jina la Magellan. Wanaakiolojia wana hadithi ndefu zaidi. Kuanzia Indonesia hadi Rapa Nui wamefukua vitu vilivyovunja rekodi kwa umri, ukubwa au umbali. Tumekuchagulia tisa, tukianza na ya kale kabisa.

Miongoni mwa jamii za watu wafupi zaidi: Flores, Indonesia
Mwaka 2003, katika pango la Liang Bua, watafiti wa Indonesia na Australia walifukua mifupa ya mwanamke mtu mzima mwenye kimo cha takriban sentimita 106. Ubongo wake ulikuwa kama theluthi moja ya wetu, na jamii yake ikapewa jina la Homo floresiensis. Zana za mawe za kisiwa hicho zimepita umri wa miaka milioni moja, ilhali Flores haijawahi kuungana na bara. Waliozitengeneza, au wazee wao, walivuka maji, iwe kwa kukusudia au kwa kusombwa.

Kisa cha kale zaidi ukutani: Sulawesi, Indonesia
Kwenye pango la Leang Karampuang kuna mchoro wa nguruwe mwitu akizungukwa na maumbo matatu yanayofanana na watu. Utando mwembamba wa chokaa ulioota juu ya rangi ulipopimwa kwa leza, ulionyesha umri usiopungua miaka 51,200. Mchoro wenyewe ni wa kale kuliko utando unaoufunika, ndiyo maana wanasayansi husema "usiopungua". Matokeo yalipotangazwa mwaka 2024, hakuna mchoro mwingine wa kisa uliopimwa uliokuwa umeupita huo kwa umri. Michoro maarufu ya Lascaux, Ufaransa, haifikii hata nusu ya umri huo.

Mguu wa kwanza kukatwa kitabibu: Borneo
Katika pango la Liang Tebo, Kalimantan Mashariki, alizikwa kijana miaka 31,000 iliyopita akiwa hana sehemu ya chini ya mguu wa kushoto. Mfupa haukuvunjika wala kutafunwa na mnyama. Ulikatwa, ukapona. Alikatwa akiwa mtoto, akaishi miaka mingine sita hadi tisa. Ili aishi, ilibidi mtu azuie damu, aoshe kidonda, amlishe na amsaidie kutembea katika nchi ya milima. Kabla ya taarifa hiyo ya mwaka 2022, rekodi ilishikwa na mkulima wa Ufaransa aliyekatwa mkono miaka 7,000 hivi iliyopita.

Ndoano za kale zaidi: Okinawa, Japani
Pango la Sakitari limetoa ndoano zilizochongwa kwa gamba la konokono wa baharini miaka 23,000 iliyopita. Uvuvi wenyewe ni wa kale zaidi: huko Timor-Leste, pango la Jerimalai lina mifupa ya samaki, jodari wakiwemo, ya miaka 42,000.

Miongoni mwa mashamba ya kwanza duniani: Kuk, Papua New Guinea
Kwenye bonde hili la nyanda za juu, watu walianza kushughulikia ardhi yenye majimaji kati ya miaka 10,000 na 7,000 iliyopita. Baadaye wakainua matuta ya kupandia migomba, kisha wakachimba mitaro. UNESCO iliingiza Kuk katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Nasi wa Afrika Mashariki tuna deni hapo: ndizi zinazopikwa leo Bukoba, Moshi na Uganda zina asili yake upande huo wa dunia.

Makaburi ya kale zaidi ya Pasifiki ya mbali: Teouma, Vanuatu
Yana umri wa miaka 3,000 hivi, na ni ya watu wa Lapita, wanaojulikana kwa vyungu vyao vyenye nakshi. Mifupa mingi haina mafuvu, maana yaliondolewa baada ya mwili kuoza. Moja ya hayo lilihifadhiwa ndani ya chungu.

Mji wa mawe juu ya maji: Nan Madol, Mikronesia
Karibu visiwa 100 vilijengwa na binadamu kando ya Pohnpei kwa nguzo za basalti zilizopangwa pasipo saruji. Kaburi lake kuu lilianza kujengwa mnamo mwaka 1180.

Bidhaa nyingi kwenye meli moja: San Diego, Ufilipino
Magellan alifika Guam Machi 6, 1521, mabaharia wake wakiwa hoi kwa njaa. Wazee wa Wachamoro walikuwa wamefika visiwa hivyo vya Mariana miaka 3,000 na zaidi kabla yake, kwa safari ya takriban kilomita 2,000 za bahari tupu. Baada ya Magellan, Wahispania wakaanzisha njia ya meli za biashara ya Manila hadi Acapulco iliyodumu kuanzia 1565 hadi 1815. Desemba 1600, meli ya San Diego ilizama karibu na Manila ikipigana na Waholanzi. Wazamiaji wa miaka ya 1990 walitoa zaidi ya vitu 30,000, vikiwemo vyombo vya kauri kutoka China na vikinga-mkono vya panga za Kijapani.

Safari iliyofika kwetu: Borneo hadi Madagaska
Hii ndiyo naipa taji. Kimalagasi kina undugu wa karibu na lugha ya Kimaanyan ya Borneo, zaidi ya kilomita 6,000 ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2016 watafiti walieleza mabaki ya mpunga na choroko za Asia yaliyofukuliwa Madagaska na Komoro, ya kati ya karne ya 8 na ya 10. Hata ngalawa za pwani yetu, zenye matengo pande zote mbili, wataalamu wengi huzihusisha na mabaharia hao. Bartolomeu Dias alipoizunguka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1488, mpunga wa Asia ulikuwa umeshaliwa Komoro kwa karibu karne tano, kama si zaidi.