Batani au Kioo? Simu ya Kazi Kati ya Bukoba na Muleba

Pale mwalo wa Nyamkazi, Bukoba mjini, mitumbwi ikishafika asubuhi, kuna jambo ambalo mgeni anaweza kulipita bila kuliona. Mchuuzi wa samaki ana simu janja ya kioo kikubwa mfukoni, lakini akitaka kurusha pesa anatoa simu nyingine kabisa: kitochi cha batani. Mambo ni hayo hayo kwenye mialo ya Muleba, na visiwani Goziba na Kerebe. Ukiuliza sababu utaambiwa ni chaji, kwamba kitochi kinakaa siku kadhaa, na kisiwani umeme wenyewe ni wa sola. Jibu hilo ni la kweli ila halimalizi habari. Sababu nyingine iko kwenye fizikia ya kidole chenye maji, na ndiyo inayonifanya nilifungue upya swali ambalo wauza simu wengi walishalifunga: simu janja yenye kibodi kamili ya batani, ile ya mameneja wa enzi za BlackBerry, inamfaa nini leo mfanyabiashara wa ukanda huu wa ziwa?

Tuanze na kioo. Simu ya kugusa haipimi nguvu ya kidole. Chini ya kioo chake kuna wavu wa nyaya nyembamba mno za oksidi ya indiamu na bati, mchanganyiko unaopitisha umeme na papo hapo unapitisha mwanga. Simu hupima bila kupumzika kiasi cha chaji ambacho wavu huo unaweza kushika. Mwili wa mtu umejaa maji na chumvi, kwa hiyo unapitisha umeme; kidole kikikaribia, kiasi hicho hubadilika kidogo sana, na simu hukokotoa badiliko limetokea wapi. Mwingereza E. A. Johnson alieleza njia hiyo mwaka 1965, akiwa kwenye taasisi ya utafiti wa rada mjini Malvern, miongo minne kabla ya iPhone ya 2007 kuifanya kuwa kitu cha kila mtu.

Sasa dondosha maji juu yake. Maji huitikia uga wa umeme karibu mara 80 zaidi ya hewa, kwa hiyo tone moja juu ya kioo linaweza kuonekana kama ncha ya kidole. Maji hayo yakichanganyika na ute na damu ya sangara, kisha yakashikana na mkono wenyewe, eneo la mguso linatanuka na simu haijui tena umekusudia herufi gani. Watengenezaji wameandika hesabu za kutenganisha tone na kidole, na simu za bei kubwa zinajitahidi. Lakini Bukoba ni mji unaopata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Hapa maji ni hali ya kawaida ya kazi, iwe umeshika ndoo ya dagaa au umesimama nje ya ghala la kahawa Kamachumu wingu likikatika.

Batani haihitaji hesabu hizo. Chini ya kila kitufe kuna kikuba kidogo cha chuma cha pua. Ukikibonyeza kinabonyea ghafla, kinagusa njia ya umeme iliyo chini yake. Ukiachia kinarudi juu. Kikuba kilichotengenezwa vizuri huvumilia mibonyezo laki kadhaa. Na hazihitajiki nyaya nyingi: vitufe 35 vikiunganishwa kwa mistari 5 na safu 7, nyaya 12 tu zinatosha, kwa kuwa simu inakagua mstari baada ya mstari, mara nyingi kwa sekunde, kutafuta mahali ambapo umeme umepita. Kidole kikiwa kimelowa, kimeota sugu, kimevaa glavu au kimejaa vumbi la maganda ya kahawa, kikuba kinabonyea vilevile.

Ule mbonyeo ndio unaonivutia zaidi. Ngozi ya ncha ya kidole imejaa vipokezi vya mguso, vingine vikisikia mtikisiko mdogo sana. Kikuba kinapobonyea, kidole kinapata habari mbili kabla jicho halijafanya lolote: kwamba uko juu ya kitufe, na kwamba kitufe kimekubali. Kinundu kilichoko kwenye kitufe cha 5 kinaongeza ya tatu, yaani uko wapi kwenye kibodi. Ndiyo maana wakala mzoefu anaandika namba huku macho yakimwangalia mteja. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Eve Hoggan, Stephen Brewster na Jody Johnston, walilinganisha kibodi ya batani na ya kioo, watu wakiwa wametulia na wakiwa ndani ya treni ya chini ya ardhi. Kioo kisicho na mtikisiko kilishindwa. Kilipoongezewa mtikisiko kilikaribia batani. Aliyewahi kuandika meseji ndani ya boti inayorushwa na mawimbi kuelekea Bumbire hatashangaa.

Hata hivyo kitochi kina udhaifu wake, na udhaifu huo unaonekana pale unapoacha tarakimu na kuanza maneno. Herufi 26 zimebanwa kwenye vitufe 8. Ukiandika “kahawa” kwa kubonyeza-bonyeza, unahitaji mibonyezo 8 kwa herufi 6, na hiyo ni bahati: herufi a, ambayo Kiswahili kinaitumia mno, iko mwanzo wa kitufe chake. Lakini “kilo”, neno la herufi 4 tu, linakula mibonyezo 11. Bukoba ni 12, Muleba 11, na yote mawili yanaishia na “ba”, herufi mbili zinazoishi kwenye kitufe cha 2, kwa hiyo lazima usubiri kidogo kati ya b na a. Andika “nitakutumia”: mibonyezo 19 kwa herufi 11, na katikati yake u, t na u mwingine wamesongamana kwenye kitufe cha 8. Mfanyabiashara anaandika neno hilo mara ngapi kwa siku?

Miaka ya 1990 kampuni ya Tegic ya Marekani ililetea simu T9, utaratibu wa kubonyeza mara moja kwa kila herufi na kuiachia kamusi ya simu ibashiri neno. Kwa Kiswahili ubashiri huo unakwama mapema. “Pesa” na “sera” zote ni 7372. “Kaka” na “lala” zote ni 5252. Na tatizo kubwa si migongano hiyo midogo, ni kitenzi chenyewe. Chukua mzizi mmoja, tum-, uupe nafsi 6 za mtenda, nyakati 4 na nafsi 6 za mtendwa: tayari ni michanganyiko 144, hata kabla hujaleta tumiwa, tumiana na tumishwa. Ukitoa ile isiyosemeka bado unabaki na mingi kuliko orodha ya maneno inavyoweza kubeba. Kamusi iliyotungwa kwa Kiingereza, ambako neno halibadiliki sana umbo, haiwezi kuhamishiwa huku ikafanya kazi kwa heshima ile ile. Ongeza majina ya Kihaya, Rwegasira na Kokushubira, na simu inaanza kukusahihisha mahali ambapo hukukosea.

Kibodi kamili inaondoa karibu matatizo yote hayo kwa mkupuo mmoja. Kila herufi ina kitufe chake, kwa hiyo “nitakutumia” inarudi kuwa mibonyezo 11, na hakuna cha kubashiri. Kasi yake si hadithi. Mwaka 2005 watafiti wa Georgia Tech waliwapa watu kibodi ndogo za batani, na baada ya mazoezi ya dakika 400 hivi wakafikia wastani wa maneno 60 kwa dakika. Kwa upande wa kioo, utafiti mkubwa uliochapishwa 2019 na wanasayansi wa vyuo vikuu vya Aalto, Cambridge na ETH Zürich uliwapima watu zaidi ya 37,000 na kupata wastani wa maneno 36, pamoja na msaada wa masahihisho ya simu. Vipimo hivyo viwili havikufanywa kwa njia moja, wa kwanza ukiwa na watu wachache waliofanya mazoezi mengi, kwa hiyo havishindanishwi moja kwa moja. Tena ni vya Kiingereza. Lakini utafiti wa 2019 ulionyesha kuwa masahihisho hayo yanaendana na kasi kubwa zaidi, na hoja yangu iko hapo: anayeandika Kiswahili kwenye kioo mara nyingi ameukosa msaada huo, au unamharibia. Batani inamfaa kuliko inavyomfaa Mwingereza.

Tanzania ilizijua simu hizi vizuri. Nokia E63 na E71 zilitoka 2008, BlackBerry Curve 8520 ikafuata 2009, na kwa miaka kadhaa kuwa na simu ya herufi zote ilikuwa alama ya mtu mwenye ofisi. Zikapita. Tarehe 4 Januari 2022 BlackBerry ilizima huduma za mifumo yake ya zamani, na ikatangaza kwamba simu hizo zisitegemewe tena hata kwa kupiga na kutuma meseji. Kwa hiyo Curve au Bold inayouzwa mtumba leo ni kumbukumbu tu. Usiinunue kwa kazi.

Anayetaka batani kwa kazi mara nyingi huelekezwa kwenye BlackBerry KEY2 ya mwaka 2018, kwa kuwa yenyewe inatumia Android. Vitufe vyake 35 ni vitamu, vina taa kwa chini, jambo la maana kwa wavuvi na wanunuzi wa dagaa ambao kazi yao iko usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Kitufe kirefu cha nafasi kinasoma alama ya kidole. Betri ni ya mAh 3,500, inatosha siku ya kazi mjini. Nikiishia hapo ningeisifu.

Tatizo la kwanza ni tarakimu. Kibodi yake haina mstari wa namba. 1, 2, 3 zimejificha kwenye W, E, R, nyingine chini yake, na mara nyingi lazima ubonyeze kitufe cha kubadilishia kwanza. Biashara ya Kagera ni tarakimu tupu: kilo za kahawa ya maganda, bei, namba ya simu ya tarakimu 10, nywila ya muamala. Mtu anayepiga *150*00# kutwa nzima atafanya kazi hiyo haraka na kwa usalama zaidi kwenye kitochi, chenye vitufe 12 vikubwa visivyobadilika maana. Tena menyu hizo husafiri kwenye njia ya ishara za mtandao, hazihitaji bando, na zinafanya kazi kwenye mtandao wa 2G.

La pili ni maji. KEY2 haina kiwango chochote kilichothibitishwa cha kuzuia maji, na mianya kati ya vitufe iko wazi. Kidole chenye maji hakiitatizi, lakini ndoo ikimwagika simu imekwisha. La tatu ndilo linalonifanya niikatae: imebaki kwenye Android 8.1. Mapengo ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi tena kwenye simu hiyo, na programu za benki zina kawaida ya kupandisha kiwango cha chini cha mfumo zinachokubali. Simu ya biashara isiyoaminika kushika hesabu ya benki imepoteza nusu ya kazi yake.

Kampuni ya Unihertz ya Shanghai imeendelea kutengeneza simu za kibodi. Titan yake ya kwanza inastahimili kuzama kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa na ina betri ya mAh 6,000, sifa ambazo ungesema ziliandikwa na mvuvi wa Goziba, ingawa ina uzito wa gramu 303 na mfumo wake sasa ni mkongwe. Titan 2 ilitoka 2025 ikiwa na Android 15. Hiyo ndiyo yenye mfumo unaofaa kufikiriwa leo, lakini haiuzwi madukani kwetu. Kibodi yake ikifa, fundi wa Bukoba hana kipuri cha kuibadilishia, ilhali kioo cha simu za kawaida anaweza kukibadilisha siku hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kuandika kwenyewe kumepitwa, siku hizi watu wanatuma sauti. Kweli, na kwa Kihaya sauti inapendeza. Lakini makubaliano ya kilo na bei yakiwa kwenye sauti ya dakika tatu, kuyatafuta baada ya msimu ni kazi. Meseji ya herufi 160 inasomwa kwa sekunde, na ni ushahidi. Kahawa inayokopeshwa inahitaji maandishi.

Uamuzi wangu, basi. Kwa anayeshinda mwaloni au kwenye mzani wa kahawa, kitochi cha pesa na simu janja ya kawaida ya picha na WhatsApp ni jozi bora kuliko simu moja ya kibodi. Kwa karani wa chama cha ushirika, dalali au mwandishi anayeandika Kiswahili kirefu akiwa ndani, kibodi kamili inastahili gharama, mradi simu bado inapata masasisho ya usalama. Kwa yeyote atakayenunua: kabla hujatoa pesa, bonyeza kila kitufe kimoja kimoja, hasa a, i na u ambazo huwahi kuchoka, fungua mipangilio usome tarehe ya sasisho la mwisho la usalama, na ikiwa imepita miaka miwili, rudisha simu mezani. Kisha piga *#06# upate namba ya IMEI, uitume kwenda 15090. Simu bandia zilizimwa nchini tarehe 16 Juni 2016, na simu ya kuagizwa isiyotambulika ni hasara yako peke yako.